Kikituangukia, Tumdai Nani?

Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, mawe yalianguka kutoka angani karibu na Ivuna, kwenye tambarare la kusini mwa Ziwa Rukwa. Leo Ivuna ipo Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Wakati ule ilikuwa pembe ya mbali ya Tanganyika ya Mwingereza, mahali palipojulikana kwa chumvi. Watu walichemsha chumvi pale kwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika, na wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi hiyo. Mawe yaliyookotwa yalikuwa meusi na laini, ya kumeguka kama mkaa. Jumla yake yalikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Hata kilo haifiki. Ukiyatia kwenye mfuko wa sukari, mfuko haujai.

Gramu hizo 705 ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa kuliko vyote ambavyo wanasayansi wa anga wamewahi kushika mkononi. Mawe ya aina ile ni adimu mno, na kemia yake inakaribia kemia ya jua lenyewe, kana kwamba yaliganda mwanzo wa mambo na hayakuguswa tena. Kundi zima limepewa jina la pale: ukikuta herufi CI kwenye kitabu cha vimondo, hiyo I ni Ivuna. Wajapani walipoleta duniani udongo wa kiasteroidi kiitwacho Ryugu mnamo Desemba 2020, walioupima walisema unafanana na jiwe la Ivuna. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia Asilia ya London yalinunua kipande cha gramu 202 kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani. Kinatunzwa ndani ya gesi ya naitrojeni kisiguswe na hewa.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, nimezaliwa na kukulia Tukuyu, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikikusanya habari za vitu vilivyoanguka kutoka juu katika nyanda zetu za kusini na Afrika Mashariki kwa jumla. Mwanzoni nilidhani naandika historia ya mawe. Kadiri nilivyosoma nikaona naandika historia ya swali moja, lile ambalo kila mfugaji wa kwetu hulijua: mwenye mali ni nani?

Jirani mkubwa wa jiwe la Ivuna ni kimondo cha Mbozi. Watu wengi wa Mbeya na Songwe wamekwenda kukiona, wengi wao wakiwa wanafunzi kama nilivyokuwa mimi, kwenye basi la shule lililojaa nyimbo kutoka Tukuyu hadi Uyole, kisha kimya cha usingizi kuanzia Mbalizi. Unaacha barabara kuu ya Tunduma, unapita mashamba ya kahawa na mahindi, unafika Ndolezi. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Sehemu kubwa ni chuma, nyingine ni nikeli karibu asilimia 9. Vitabu vinasema kiligunduliwa Oktoba 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi aliyetokea Johannesburg. Neno "kiligunduliwa" livumilie kidogo. Wanyiha walikuwa wakikijua kitu hicho tangu zamani na walikuwa na jina lake. Tena hawa walikuwa wafua chuma wenye sifa, waliojenga tanuru na kuyeyusha udongo wa chuma hadi enzi za ukoloni. Kusema watu wa namna hiyo walikaa na tani 16 za chuma bila kugundua kuwa ni chuma ni kichekesho, lakini ndivyo kumbukumbu za kiofisi zinavyotaka tuamini.

Nott alipofika, kilichoonekana juu ya ardhi kilikuwa sehemu ya mgongo tu. Baadaye udongo ulichimbwa kuzunguka, ukaachwa mguu wa kukishikilia, na mguu huo ukaimarishwa kwa zege. Mjiolojia wa serikali ya kikoloni, D. R. Grantham, alikata sampuli kwa msumeno, na vipande vingine vilichongwa na watu waliotaka ukumbusho. Hakuna shimo la mgongano, na hakuna simulizi ya siku kilipoanguka, ndiyo maana inaaminika kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, kabla hapajawa na mtu wa kusimulia. Kimebaki Mbozi kwa sababu rahisi kabisa: hakibebeki. Jiwe la Ivuna lilibebeka.

Kwetu Rungwe hakijaandikwa kimondo chochote. Hilo halina maana kwamba hatujui mawe ya kutoka juu. Ukipita barabara za udongo za wilaya yetu mahali zilipokatwa kwenye kilima, utaona katikati ya udongo mweusi mkanda wa mawe meupe-meupe, mepesi, yenye matundu kama mkate. Watoto huyaokota, na ukiyaweka kwenye ndoo ya maji yanaelea. Yalitoka Mlima Rungwe wenyewe, kwenye mlipuko wa miaka 4,000 hivi iliyopita uliorusha mawe na majivu juu sana kisha yakanyesha juu ya nchi nzima. Mlima Kyejo ulitiririsha lava mara ya mwisho karibu na mwaka 1800, na wazee waliipokea habari hiyo kwa mdomo. Daraja la Mungu pale Kiwira ni lava iliyopoa, maji yakapita chini yake. Ardhi inayotulisha ndizi, chai, viazi na maharage ni majivu ya majanga ya zamani.

Kwa hiyo Mnyakyusa akitaja hatari hutaja mlima, mvua na udongo unaoporomoka. Anga lenyewe hatulioni sana. Tukuyu mawingu hukaa juu ya mapaa miezi mingi ya mwaka, na usiku wa nyota ni zawadi ya Juni hadi Septemba. Nilipoanza kumweleza mjomba wangu, mkulima wa chai aliyewahi kuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, kwamba juu ya hayo mawingu kuna maelfu ya vyuma vilivyokufa vinazunguka, aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalize ili amwage chai.

Hiyo ilikuwa kabla ya Mukuku.

Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, kwenye saa tisa, pete kubwa ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Kipenyo chake kilikuwa mita 2.5 hivi, na uzito karibu kilo 500. Ng'ombe mzima aliyenona, wa chuma. Picha zilienea kwenye simu kabla maofisa hawajafika. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika na wenzao wa serikali za mitaa, likazungushia eneo, likachukua kitu hicho, na Januari 1, 2025 likatoa taarifa: tathmini ya awali inaonyesha ni pete ya kutenganisha hatua za roketi, vitu vya aina hiyo kwa kawaida hutengenezwa viungue vikirudi kwenye angahewa au viangukie mahali pasipo na watu kama baharini, na hili ni tukio la pekee litakalochunguzwa kwa kufuata sheria ya kimataifa. Hakuna aliyeumia.

Siku hizo Tukuyu ilikuwa imejaa watu. Waliokuwa Dar es Salaam, Mbeya na Tunduma walikuwa wamerudi kula sikukuu, na video ya Mukuku ilizunguka kwenye sebule ya mjomba kutoka simu hadi simu. Vijana walibishana kama ni silaha. Shangazi alisema ni dalili za siku za mwisho, kisha akaenda kugeuza ndizi jikoni. Mjomba alitaka video irudiwe, akawa haangalii pete, anaangalia migomba iliyokuwa nyuma yake, au miti aliyodhani ni migomba.

"Sasa mwanangu," akaniambia, "wewe unayesoma mambo haya. Ng'ombe wa jirani akiingia shambani kwangu, namjua mwenyewe. Hata kama simjui, nitamfunga ng'ombe pale nyumbani, mwenyewe atakuja. Hiki kikituangukia hapa, tumdai nani?"

Nilimwambia mkataba upo, na nikaanza kumweleza. Naeleza tena hapa kwa urefu kidogo kwa sababu watu wengi hawajui kama upo.

Mwaka 1972 Umoja wa Mataifa ulifungua kwa saini mkataba kuhusu dhima ya madhara yanayosababishwa na vyombo vya anga za juu. Kiini chake kingemfurahisha mzee yeyote wa baraza. Chombo cha nchi kikianguka na kuleta madhara juu ya ardhi, nchi iliyokirusha italipa, iwe ilizembea au haikuzembea. Aliyedhurika hahitaji kuthibitisha kosa. Ng'ombe ameingia shambani, basi. Ubaya uko kwenye vifungu vinavyofuata. Anayedai ni nchi na wala si mkulima. Mtu wa Mukuku au wa Kiwira anapaswa kwanza kuishawishi serikali yake, kisha serikali yake izungumze na serikali nyingine kwa njia ya kibalozi. Madai yapelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu ijulikane nani alirusha. Na neno "madhara" limefungwa: kifo, kuumia, afya kuharibika, au mali kupotea na kuharibika. Pete ya kilo 500 ikitua kichakani, ikakuacha na hofu ya kulala nyumbani kwako, mkataba hauna safu ya kuandika hofu hiyo.

Tena mkataba unategemea ng'ombe awe na alama. Pete ya Mukuku haikuwa na jina lililosomeka na kila mtu. Vyombo vya habari vilianza kuitaja India, kwa sababu India ilikuwa imerusha roketi siku hiyo hiyo, na Shirika la Kenya likalazimika kukanusha habari kwamba Kenya imeidai India fidia. Marco Langbroek, mtaalamu wa Uholanzi anayefuatilia njia za setilaiti, alitaja uwezekano mwingine: sehemu ya roketi ya Ariane iliyorushwa 2008 kutoka Guyana ya Ufaransa, ambayo ilirudi kwenye angahewa siku hiyo baada ya kuzunguka miaka zaidi ya kumi na sita. Jonathan McDowell, mnajimu anayeheshimika katika mambo haya, alisema hajaridhika hata kwamba ni kitu cha angani. Watu watatu wazito, majibu matatu. Wakati huo mwenye shamba anasubiri.

Historia ya mkataba huo ukiitazama inaonyesha nani husikilizwa. Januari 24, 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ndani yake, ilitawanyika juu ya kaskazini mwa Kanada. Kanada ilisafisha, ikahesabu gharama, ikadai dola milioni 6 za Kanada. Mwaka 1981 Wasovieti walikubali kulipa milioni 3. Hayo ndiyo madai maarufu zaidi chini ya mkataba ule, na yalichukua miaka mitatu kati ya nchi mbili zenye mabalozi, wanasheria na wataalamu wa mionzi. Mwaka uliofuata ajali ya Kosmos, Julai 1979, kituo cha Marekani cha Skylab, chenye tani zaidi ya 70, kilirudi na kumwaga vipande Bahari ya Hindi na Australia Magharibi. Halmashauri ya Esperance iliipiga NASA faini ya dola 400 kwa kutupa takataka. Ilikuwa utani, na utani huo ulilipwa 2009 na mtangazaji wa redio kwa michango ya wasikilizaji wake. Machi 2024 kipande cha chuma chenye uzito wa gramu 700 hivi kilitoboa paa la nyumba huko Naples, Florida. NASA ikakiri ni chake, kutoka kwenye mzigo wa betri zilizotupwa na kituo cha kimataifa cha anga, na familia ile ikapeleka madai ya dola 80,000 kupitia wakili. Gramu 700 Florida zilikuwa na wakili. Kilo 500 Makueni zilikuwa na video.

Haki itendeke hapa: uwezekano wa mtu mmoja kugongwa ni mdogo mno. Mtu pekee anayetajwa kila mara kuwa aliguswa na kipande cha roketi ni mwanamke wa Tulsa, Marekani, mwaka 1997. Kiligusa bega lake wala hakikumuumiza. Hewa hutulinda. Kitu kinachozunguka dunia kwenye njia ya chini kinakwenda kilomita karibu 28,000 kwa saa, na kikigusa hewa nzito kinawaka. Alumini inayeyuka mapema. Kinachofika chini ni vile vigumu, matangi ya titani, pete za chuma, sehemu za injini. Kwa chombo kikubwa, kati ya asilimia 10 na 40 ya uzito inaweza kufika. Na mtu asitegemee kuonywa. Chombo kinachozunguka dunia kwa dakika 90, ukikosea saa moja na nusu tu katika kutabiri, umekosea dunia nzima: uliyemwonya yupo Brazili na kimeanguka Songea. Angahewa yenyewe hutanuka na kusinyaa kwa kufuata tabia ya jua, kwa hiyo kukosea ni jambo la kila siku.

Ila udogo wa uwezekano haugawanywi sawa, na hapa ndipo mwanahistoria anaanza kukuna kichwa. Chombo kilichorushwa kwenye njia iliyoinama nyuzi 30 kutoka ikweta hakipiti kamwe juu ya Moscow wala London. Kinapita tu kati ya nyuzi 30 kaskazini na nyuzi 30 kusini. Setilaiti nyingi za mawasiliano huanza safari kwenye njia zinazokaribia ikweta, na mabaki ya roketi zake hubaki huko. Sisi wa Tukuyu tuko nyuzi 9 na kitu kusini. Kila kinachopita juu ya wakubwa, kwa kuwa njia zote hukata ikweta, kinaweza kupita juu yetu; na vingi vinavyopita juu yetu havipiti juu yao. Utafiti wa wanazuoni wa Kanada uliochapishwa 2022 katika jarida la Nature Astronomy ulikadiria kwamba, mwenendo ukibaki vilevile, kuna uwezekano wa asilimia 10 hivi wa mtu mmoja au zaidi kudhurika na mabaki ya roketi ndani ya miaka kumi. Ulionyesha pia kwamba mabaki hayo yana uwezekano mara tatu zaidi wa kuangukia latitudo za Jakarta, Dhaka, Mexico City na Lagos kuliko za New York, Beijing na Moscow.

Jambo lililonikasirisha nilipousoma lilikuwa dogo, la kiufundi. Roketi inaweza kuachiwa mafuta kidogo na injini inayowaka tena, ikaelekezwa iangukie Pasifiki ya Kusini mbali na watu. Inagharimu pesa na inapunguza mzigo inaoweza kubeba. Wengine hufanya hivyo, wengine hawafanyi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatari hii imeamuliwa na mtu ofisini, kwa kalamu, akilinganisha gharama. Haiko pamoja na kimondo cha Mbozi wala mvua ya mawe ya Mlima Rungwe. Mei 2020 hatua kuu ya roketi ya China, Long March 5B, tani kama 20, iliachwa irudi yenyewe. Ilipita juu ya New York, ikavuka Atlantiki, na bomba la chuma la mita kama 12 likaokotwa katika kijiji cha Mahounou, Kodivaa. Dakika chache mapema lingekuwa bomba la New York, na nadhani tungekuwa na mkataba mwingine leo.

Na sisi je, mikono yetu ni safi kiasi gani? Wanafunzi wenzangu hushangaa nikiwaambia kwamba Afrika Mashariki imewahi kurusha setilaiti. Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini, ghuba ya Ngwana, kaskazini mwa Malindi, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi za Kimarekani aina ya Scout ziliruka kutoka hapo mara tisa. Maarufu kuliko zote ni ya Desemba 12, 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kujengwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, na njia yake iliinama nyuzi 3 tu. Kwa miaka zaidi ya minane ilizunguka juu ya mkanda mwembamba wa ikweta: Kenya, Uganda, Kongo, Gabon, Amazoni, Indonesia. Aprili 1979 ilianguka, na kwa jiometria ya njia yake haikuwa na mahali pa kuangukia isipokuwa juu ya mkanda huohuo, wa nchi zile zile na bahari zilizo kati yake. Hatua za chini za roketi zile zilitupwa Bahari ya Hindi, mashariki mwa wavuvi wa Lamu na Malindi.

Mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha ni pamoja na ile ambayo chombo kimerushwa kutoka kwenye ardhi yake au mitambo yake. Mwanasheria mwenye muda angeweza kusimama mahakamani asubuhi nzima akibishana kama Uhuru, kama ingeanguka juu ya kijiji cha Kongo, ingelipwa na Marekani, Italia, au Kenya ambayo sikukuu yake ya uhuru iliipa jina. Napenda mfano huo kwa sababu unatuondolea raha ya kuwa wahanga tu. Tulikodisha ufuko, tukapewa jina.

Nilimsimulia mjomba yote haya Januari ile kabla sijarudi chuoni, tukiwa tumekaa barazani mvua ikinyesha. Aliuliza maswali ya mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao. Kikianguka, nani anakishika? Nikamwambia kuna makubaliano mengine ya 1968: kitu kikipatikana, nchi iliyokikuta iwaarifu wenyewe, na wakikitaka warudishiwe, kwa gharama zao. "Kwa hiyo chuma chao kina haki ya kurudi nyumbani," akasema, "na hiyo ni hata kama hawajanilipa?" Nikasema vifungu hivyo viko kwenye mikataba miwili tofauti. Akacheka kwa muda mrefu.

Aliuliza kama mtu anaweza kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wale wanaopita Bulyaga na mkokoteni. Hapo nilikuwa mkali kidogo. Matangi ya roketi na setilaiti hubeba mafuta kama haidrazini, sumu inayounguza mapafu na ngozi, na chombo kinaweza kufika chini kikiwa na mabaki yake. Usikiguse, usikivute, usikinuse, watoto wakae mbali, ita mtendaji wa kijiji na polisi. Piga picha. Andika saa, tarehe, kilitokea upande gani, kilitoa sauti gani, kimevunja nini: mgomba, bati, bomba la maji, chochote, kwa idadi. Andika siku hiyohiyo, kwa sababu saa ya mwaka mmoja inaweza kuanza kuhesabu siku hiyo. Ivuna ya 1938 ina saa na tarehe kwa kuwa kuna watu walioona wakasema, na mtu mwingine akaandika.

Mjomba alitikisa kichwa taratibu, akifikiri. Akaniambia kwamba enzi zake taarifa za majanga za kijiji zilikuwa na mafuriko, moto, upepo ulioezua mapaa, maporomoko ya udongo na wanyama waharibifu. Nikamuuliza angeiandika wapi pete ya kilo 500.

"Wanyama waharibifu haiwi," alisema. "Ningeiandika kwenye mengineyo. Halafu ningekupigia simu wewe."